Vinundu vya karatasi ya tishu: lini dai la hataza huwa dhahiri?

Rehema: Bwana Salim, tumetunga dai la mfano la hataza, yaani maelezo ya uvumbuzi ambao mwombaji anataka haki yake ilindwe kisheria: tishu ya tabaka mbili, yenye vinundu 40 hadi 60 vilivyobonyezwa katika kila sentimita mraba, na tabaka zake zimegandishwa kwa gundi kwenye ncha za vinundu hivyo. Mpinzani anasema jambo hilo ni dhahiri, yaani fundi wa kawaida angelifikia mwenyewe, hivyo halistahili hataza. Tuanzie wapi?

Salim: Tuanzie kwenye karatasi yenyewe, Bi Rehema. Chukua tishu ya jikoni, uzitenganishe tabaka zake taratibu, nawe utahisi zinang'ang'aniana pale pale penye vinundu. Karatasi hupitishwa kati ya rola ya chuma iliyochongwa na rola ya mpira. Hupata unene na hunyonya maji vizuri zaidi, lakini hupungua nguvu. Kila fundi wa kiwanda cha karatasi anaujua mvutano huo, na mimi naona kesi yote imelala hapo.

Rehema: Mwaka 1966, katika kesi ya Graham dhidi ya John Deere iliyohusu plau, Mahakama ya Juu ya Marekani ilielekeza tupime yaliyokwishajulikana, tofauti kati yake na dai, na ujuzi wa fundi wa kawaida, huku mafanikio ya sokoni na kushindwa kwa wengine vikiwa ushahidi wa ziada.

Salim: Basi tuseme hati ya zamani ina gundi ile ile na vinundu 20, na inaeleza kwamba idadi hiyo ndiyo inayobadilisha unyonyaji. Tofauti iliyobaki ni namba tu. Katika kesi ya Aller ya mwaka 1955, mchakato wa kemikali uliotofautiana na wa awali kwa joto na ukali wa asidi pekee ulinyimwa hataza, kwa kuwa kutafuta kipimo bora kwa majaribio ya kawaida si uvumbuzi.

Rehema: Kwa hiyo dai limeanguka?

Salim: La, tusiharakishe. Ikiwa hati hiyo haikugusia kabisa athari ya idadi ya vinundu, kesi ya Antonie ya mwaka 1977 inamsaidia mwombaji, maana fundi hawezi kusemwa alikuwa akitafuta kipimo bora cha kitu ambacho hakikujulikana kuwa kinabadilisha matokeo. Ikiwa ilionya kwamba vinundu vikizidi 30 karatasi itachanika, inamsaidia zaidi, maana fundi angekuwa na sababu ya kutojaribu.

Rehema: Ninachokihofia mimi ni hekima ya baada ya tukio. Ukishaiona tishu mkononi, unadhani hata wewe ungeibuni. Kesi ya KSR ya mwaka 2007, ya pedali ya gari, ilisema fundi wa kawaida naye ana ubunifu wake, lakini ilionya pia juu ya mtego huo.

Salim: Ndiyo maana ningedai vipimo vya nguvu ya karatasi ikiwa imelowa, kwa vinundu 30, 40, 50, 60 na 70. Nguvu ikishuka hatua kwa hatua kama fundi alivyotarajia, ningelikataa dai. Ikishikilia kati ya 40 na 60, kisha ikaporomoka nje ya hapo, ningelikubali. Na kama mwombaji amepima 50 peke yake, ningemrudishia dai alipunguze.