Mpira Haukuganda, Ulichelewa

Nani ana bigijii mdomoni? Usiifiche, leo si kosa. Haya, piga mafunda mawili ya maji haya ya friji, kisha tafuna. Umeona? Imekuwa ngumu. Endelea tu, italainika.

Bigijii, kama mpira na plastiki, ina polima: minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana. Joto ndilo linaloichezesha. Likipungua, minyororo inazubaa. Likipungua zaidi inakwama ilipo, na kitu kinakuwa kigumu, cha kuvunjika kama kioo. Mpira wa asili hufika hapo karibu nyuzi 70 chini ya sifuri. Polistirini, ile ya vikombe vinavyopasuka ovyo, iko hivyo siku zote humu chumbani, maana yenyewe hulainika karibu na nyuzi 100.

Wengi huishia hapo, kwenye ugumu na ulaini. Mimi nataka mtazame saa: mpira uliobanwa huchukua muda gani kurudi?

Januari 28, 1986, chombo cha anga Challenger kilirushwa kutoka Florida, asubuhi ya nyuzi 2 hivi. Roketi zake za pembeni ziliungwa kwa vipande, na viungio vikazibwa kwa pete za mpira zenye unene wa milimita 7 hivi. Roketi ikiwaka, shinikizo hutanua kiungio, na pete inatakiwa ijitanue papo hapo kuuziba mwanya. Wahandisi walikuwa wameshaupima mpira ule: waliubana kwa mabamba ya chuma, kisha wakaulegezea kidogo. Kwa nyuzi 38 haukuachana na chuma. Kwa 24 ulichukua sekunde 2.4 kukigusa tena. Kwa 10 walingoja dakika 10, haukurudi, wakaacha.

Usiku wa kuamkia siku hiyo walishauri chombo kisirushwe. Wakubwa wao wakageuza kauli. Sekunde 73 baada ya kuruka kikasambaratika, wakafa watu saba, mmoja wao mwalimu, Christa McAuliffe.

Mwezi uliofuata, mbele ya tume iliyochunguza ajali hiyo, mwanafizikia Richard Feynman alibana kipande cha mpira huo, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu. Alipokifungua kilibaki kimebonyea kwa sekunde kadhaa. Watu husimulia kwamba mpira uliganda. Hapana! Ule huwa kama kioo karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Ulikuwa bado mpira, ila ulichelewa.

Kesho kila mtu aje na washa ya bomba, ile pete ya mpira, na kibanio. Barafu nitaleta mimi.