Lenzi ndogo ya kampuni nyingine: ichague, ifunge, ipime kabla hujatupa boksi

Karibu mtazamaji. Leo tunashughulika na lenzi ndogo za kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), hasa zile zinazotengenezwa na kampuni tofauti na iliyounda kamera yako: Sigma, Tamron, Samyang, Viltrox, TTArtisan, 7Artisans na wenzao. Kama umeshainunua, weka kamera na lenzi mezani, washa kompyuta, na boksi lihifadhi kama lilivyo. Utaona sababu mbele.

Hatua ya kwanza: jua kilichopunguzwa.

Lenzi haiwi ndogo bure. Kuna kitu kimeondolewa, nawe unapaswa kukijua kabla ya kutoa pesa. Chukua mfano uliokithiri, Viltrox 28mm f/4.5 (28mm ni urefu wa fokasi, unaoamua upana wa picha). Ina uzito wa gramu 60 na unene wa milimita 15.3, kiasi kwamba ikifungwa kwenye kamera inaonekana kama kifuniko tu. Inatosha fulufremu, yaani sensa (kipokea picha cha kamera) ya ukubwa kamili, na ina otofokasi, yaani inajitafutia ukali wa picha yenyewe. Lakini apacha yake, yaani tundu linalopitisha mwanga, ni moja tu: f/4.5, haifunguki zaidi wala haibanwi. Haina pete ya kuzungusha fokasi. Haina nyuzi za kufungia filta.

Maana yake nini ukiwa kazini? Usiku, lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga mara 6 na zaidi kuliko hiyo. Kwa hiyo pale ambapo mwenzako anapiga kwa ISO 800 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga), wewe utakuwa kwenye 5000. Mchana wa jua kali, kwa ISO 100, shata, yaani muda wa kupokea mwanga, itasimama karibu na 1/1250 ya sekunde, na kwa picha za kawaida hakuna tatizo. Tatizo liko kwenye video. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde unataka shata ya 1/50, na ili ufike hapo juani unahitaji filta ya ND32, yaani kioo cheusi kinachopunguza mwanga mara 32. Utaifunga wapi wakati nyuzi hazipo? Lenzi ya namna hii ni ya kutembea nayo mchana ukipiga picha. Anayetafuta lenzi ya video aangalie nyingine.

Ukitoka kwenye hizo bapa kabisa, mambo yanalegea. TTArtisan AF 27mm f/2.8 ni ya APS-C, yaani sensa ndogo kuliko fulufremu, haifiki gramu 100, ina pete ya apacha na inapokea filta ya milimita 39. Samyang AF 35mm f/2.8 ya Sony ni ya fulufremu, ina takriban gramu 86 na filta yake ni milimita 49. Sigma 45mm f/2.8 ina mwili wa chuma na gramu 215. Si bapa, ila inakaa vizuri mkononi. Ukitaka zumu, Sigma 18-50mm f/2.8 ya APS-C ina gramu 290 kwa Sony. Kwa mtu anayetaka kubeba lenzi moja tu kwenye kamera ya APS-C, hiyo zumu inashinda kuwa na lenzi bapa tatu mfukoni ambazo unazibadilisha kwenye vumbi.

Sasa maunti, yaani sehemu ya kamera ambapo lenzi hufungwa. Hakikisha jina la maunti kwenye boksi linalingana na kamera: E kwa Sony, X kwa Fujifilm, Z kwa Nikon, RF kwa Canon, L kwa Panasonic, Leica na Sigma. Kwa Canon RF soma kwa makini zaidi. Sigma na Tamron walitangaza lenzi zao za kwanza zenye leseni ya RF mwaka 2024, na zilikuwa za APS-C. Lenzi nyingi ndogo nyingine utakazokuta kwa maunti hiyo hazina otofokasi.

Na adapta, yaani pete ya kufungia lenzi ya maunti moja kwenye kamera ya maunti nyingine, je? Hapa hesabu ndiyo inayoamua. Kutoka usawa wa maunti hadi kwenye sensa, Sony E ina milimita 18 na Nikon Z ina 16. Kuna nafasi ya milimita 2, ndiyo maana adapta nyembamba ya kuweka lenzi ya Sony kwenye Nikon Z inawezekana. Kinyume chake hakiwezekani kwa adapta ya kawaida: lenzi itakaa mbali mno na sensa, na vitu vya mbali havitakuwa vikali kamwe.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa: lenzi ya APS-C ukiifunga kwenye fulufremu, kamera itakata picha. Sensa ya megapikseli 24 itakubakishia kama 10.

Hatua ya pili: kuifunga.

Zima kamera. Ielekeze chini ili vumbi lisiingie. Linganisha alama ya lenzi na alama ya mwili, kisha zungusha hadi usikie mlio. Ukiwa umeitazama kamera kwa mbele, Sony, Fujifilm na Canon huzungushwa kufuata mshale wa saa, Nikon kinyume chake. Aliyehama kutoka Nikon husahau hilo na kuanza kulazimisha. Ikigoma, itoe uanze upya. Pia usibonyeze kitufe cha kufungulia wakati unafunga, kwa sababu ile pini ya kufuli inaweza isiingie mahali pake.

Washa. Ukiona F na vistari viwili mahali pa apacha, ilhali lenzi yako ni ya otofokasi, kamera haijaitambua. Toa lenzi, futa zile pini za dhahabu kwa kitambaa laini kikavu, usiziguse kwa kidole, kisha rudisha. Mchezo kidogo sana wa lenzi kwenye maunti ni kawaida. Ikicheza hadi ujumbe wa kosa unakuja na kuondoka, hiyo ina kasoro.

Hatua ya tatu: programu ya ndani ya lenzi.

Usiiruke, hata kama lenzi inaonekana kufanya kazi. Kampuni nyingi kati ya hizi hazikupewa lugha ambayo kamera huzungumza na lenzi. Zimeichunguza na kuiiga. Kamera ikipata toleo jipya la programu, lenzi iliyokuwa sawa jana inaweza kuanza kuyumba kwenye fokasi. Kwa sababu hiyohiyo, ukiona toleo jipya la kamera, angalia kwanza tovuti ya mtengenezaji wa lenzi kabla ya kulisakinisha.

Njia inategemea kampuni. Sigma za Sony husasishwa kupitia kamera yenyewe. Viltrox nyingi zina tundu la USB kwenye pete ya chuma ya nyuma. Samyang wana kituo chao kinachouzwa peke yake. TTArtisan wameficha tundu la USB ndani ya kifuniko cha nyuma, kwa hiyo kile kifuniko ambacho wengi hukichanganya na vingine kwenye begi ndicho chombo chako cha kusasishia.

Kwa zile za USB: toa lenzi kwenye kamera, iunganishe na kompyuta, itaonekana kama diski. Nakili faili la toleo jipya, subiri hadi limalize, ndipo uchomoe. Diski isipoonekana, badilisha waya kabla ya kulaumu lenzi. Waya nyingi za simu ni za kuchajia tu, hazipitishi data.

Hatua ya nne: menyu ya kamera.

Kwa lenzi ya otofokasi, washa marekebisho ya lenzi yote matatu: giza la kona, rangi za pembezoni na upindaji wa mistari. Lenzi ndogo nyingi zimebuniwa zikitegemea marekebisho haya, kwa hiyo ukifungua faili la RAW (picha ghafi ambayo kamera haijaichakata) bila wasifu wa lenzi, yaani data ya marekebisho hayo, utaona kona nyeusi na mistari iliyopinda. Usishtuke.

Kwa lenzi ya mkono, yaani ambayo fokasi unaizungusha mwenyewe, isiyo na pini za umeme, kuna mambo mawili. La kwanza, ruhusu kamera kupiga bila lenzi, maana inaamini hakuna kitu kilichofungwa. La pili ndilo linaloharibu picha nyingi: kituliza mtikisiko cha ndani ya mwili kinahitaji kujua milimita za lenzi, na lenzi haiwezi kukiambia. Ingiza mwenyewe. Andika namba iliyochapwa kwenye lenzi, hata kama kamera ni ya APS-C. Lenzi ya 35 ni 35, usiandike 52. Namba ikizidi, kituliza kitasogeza sensa kuliko inavyotakiwa na picha itatikisika wakati mkono ulitulia. Ukibadilisha lenzi, badilisha na namba.

Mistari ya rangi inayoonyesha fokasi iweke kiwango cha chini. Ikiwa kwenye kiwango cha juu inapaka rangi kila kitu, nawe utadhani umepata. Kwa uhakika, kuza picha kwenye skrini.

Kwa wapiga picha za michezo wenye Sony a9 au a1: lenzi za kampuni nyingine zinaishia fremu 15 kwa sekunde. Huo ni ukomo wa kamera, hakuna mpangilio utakaouondoa.

Hatua ya tano: kuipima. Hapa ndipo pa kutumia muda.

Kasoro ya kawaida kwenye lenzi ndogo za bei nafuu ni kipande cha kioo cha ndani kukaa upande. Matokeo yake kona moja ya picha inakuwa na ukungu huku nyingine tatu zikiwa kali. Wengi hupima kwa kupiga ukuta wa matofali. Mimi sishauri, kwa kuwa kamera ikikosa kidogo tu kuwa sambamba na ukuta, upande mmoja utafifia na utarudisha lenzi nzima isiyo na hatia.

Fanya hivi. Tafuta kitu cha mbali chenye mistari midogo, kama antena au dirisha la ghorofa, kuanzia mita 100 hivi. Fanya asubuhi kabla joto halijapanda. Hewa ya moto hucheza na kuharibu kipimo. Weka kamera kwenye tripodi, zima kituliza mtikisiko, ISO 100, apacha wazi kabisa, kipima muda cha sekunde 2, faili la RAW. Fokasi kitu hicho kikiwa katikati, kisha weka kamera kwenye fokasi ya mkono ili isibadilike. Piga. Sasa, bila kugusa fokasi, geuza kamera ili kitu kilekile kiingie kona ya juu kushoto. Piga. Halafu juu kulia, chini kulia, chini kushoto. Utakuwa na picha tano.

Zifungue kwenye kompyuta kwa asilimia 100 na ulinganishe kona nne zenyewe kwa zenyewe. Zote zikiwa laini kwa kiwango kimoja, huo ndio ubunifu wa lenzi. Kona moja ikiwa laini kuliko nyingine, rudi nje na upige tena kona hiyo kwa f/8. Ikibaki na ukungu hata hapo, lenzi irudi dukani. Kuna mtego mmoja: wakati mwingine kona zote huwa na ukungu kwa sababu eneo la fokasi limepinda kama bakuli. Fokasi upya kitu kikiwa kwenye kona. Kikiwa kikali, kioo hakina ubaya, ila ujue tabia yake unapopiga makundi ya watu waliopangwa mstari.

Kwa lenzi ya mkono, pima pia umbali usio na kikomo. Zungusha pete hadi mwisho ukitazama kitu cha mbali kilichokuzwa. Kikiwa kikali kabla ya mwisho halafu kikapita, ni kawaida, wengi huacha nafasi hiyo makusudi. Kisipowahi kuwa kikali, kuna tatizo, na kama umetumia adapta, ishuku hiyo kwanza.

Otofokasi inapimwa kwa haraka zaidi. Simamisha kitu mita 1.5, piga mara 10, na kila kabla ya kupiga fokasi kitu kingine cha karibu au cha mbali ili lenzi ilazimike kusafiri. Kukosa mara moja kunavumilika. Ikikosa mara nne kwenye mwanga mzuri, rudi hatua ya tatu ukasasishe. Kama ulishasasisha, usingoje ijirekebishe. Kama inatafuta huku na huko kwenye giza tu, fungua apacha: kamera nyingine hufokasi tundu likiwa limebanwa, na kwa f/8 usiku hazioni kitu.

Taa kali iweke kwenye kona ya fremu, uone mwanga unavyosambaa. Lenzi ndogo nyingi huja bila kikinga mwanga. Kiganja chako kando ya lenzi kinatosha. Ukiongeza filta, chagua ile nyembamba, kwani yenye fremu nene inaweza kutia kona giza.

Hatua ya sita ni kwa wapiga picha za mtaani. Lenzi ya 27mm kwenye APS-C, kwa f/8, ukiifokasi mita 4.5 itakupa ukali kuanzia kama mita 2.3 hadi mbali kabisa. Hiyo ni kwa picha itakayotazamwa kwa ukubwa wa kawaida. Ukiikuza sana, mwisho wa mbali utaonekana laini. Kwa lenzi ya otofokasi, fokasi kitu kilicho mita 4.5 kisha hamia fokasi ya mkono. Lakini ukizima kamera, lenzi nyingi za umeme husahau zilipokuwa. Angalia kama menyu yako ina chaguo la kuhifadhi nafasi ya fokasi; kama haina, fokasi upya kila unapowasha.

Ikiwa lenzi imefeli, usifungue skrubu za maunti hata moja, kwani chini yake mara nyingi kuna vikaratasi vya chuma vilivyopangwa kwa unene maalumu. Taja kila picha jina la kona yake, andika namba ya utambulisho ya lenzi (serial) na toleo la programu, rudisha kila kitu kwenye boksi pamoja na kile kifuniko cha nyuma, uombe ubadilishiwe. Ikija nyingine, anza tena na zile picha tano.