Dakika Kumi Juu ya Machozi ya Hine Hukatere

SALIM: Asalaam aleikum, na habari za saa hizi, popote mlipo. Mimi ni Salim, nazungumza nanyi kutoka Tanga. Mwenzangu Neema yuko nyumbani Moshi, na leo nina hamu naye kwelikweli. Dada Neema, umerudi salama?

NEEMA: Nimerudi salama kaka Salim, namshukuru Mungu. Hamjambo wasikilizaji wetu.

SALIM: Wiki mbili zilizopita ulinitumia picha. Umesimama kwenye weupe mtupu, nyuma yako helikopta. Nikamwonyesha mke wangu, akasema huyu Neema amepanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro? Nikamwambia sivyo, huko ni mwisho wa dunia. Hebu anza mwanzo.

NEEMA: Dada yangu ni muuguzi Christchurch, kwenye kisiwa cha kusini cha Nyuzilandi. Nilikwenda kumsalimia mwezi wa pili, ambao kwao ni kiangazi. Akaniambia, hutaondoka hujaiona barafu. Tukachukua gari, tukaikata milima kwa njia ya Arthur's Pass, mwendo wa kama saa tano, tukashukia pwani ya magharibi mpaka kwenye kimji kidogo kinachoitwa Franz Josef.

SALIM: Jina la kifalme hilo.

NEEMA: La kaisari wa Austria. Julius von Haast, Mjerumani, ndiye aliyeuita hivyo mto wa barafu, yaani barafu nene inayoshuka mlimani polepole kama mto, ulioko juu ya kile kimji, mwaka 1865. Lakini Wamaori wana jina lao la tangu zamani: Kā Roimata o Hine Hukatere, machozi ya Hine Hukatere. Huyo alikuwa binti aliyependa kupanda milima. Akambembeleza mpenzi wake, Tuawe, wapande pamoja. Theluji ikaporomoka, ikamchukua Tuawe, akafa. Binti akalia, machozi yakaganda, ndiyo hiyo barafu. Na mto wa pili, ulio jirani, ambao Wazungu wanauita Fox, Wamaori wanauita kitanda cha Tuawe, pale alipolala.

SALIM: Subhanallah. Kwa hiyo watu wanaruka juu ya kaburi na machozi.

NEEMA: Dada yangu alinisimulia haya garini kabla hatujafika, na nilifurahi kwamba niliyajua mapema. Ukiyajua, unatazama kwa macho mengine.

SALIM: Mkafika, mkapanda helikopta?

NEEMA: Wapi! Siku ya kwanza wingu lilikuwa limekaa juu ya paa za nyumba. Siku ya pili tumekwenda ofisini kwa wenye helikopta saa tatu asubuhi, tumeambiwa subirini. Saa nne, subirini. Saa sita rubani mwenyewe akatoka, kijana mpole tu, akatuambia leo hapana. Pesa zenu mkitaka mnarudishiwa, mkitaka njooni kesho. Kulikuwa na baba mmoja ameghadhibika, anasema mbona hapa chini jua linawaka? Rubani akamwonyesha kwa kidole kule juu, kwenye shingo ya mlima, kitambaa cha wingu kimepita katikati. Akasema, nikiingia pale sitaona pa kutokea.

SALIM: Unajua sisi watu wa pwani, rubani kwanza ni wa chombo cha baharini. Ndiye anayeijua miamba, ndiye anayekuingiza bandarini. Na wazee walikaa miezi wakingoja kusi litulie, kaskazi livume, hakuna aliyemtukana nahodha.

NEEMA: Basi nakuomba umwambie hivyo kila mtu anayekwenda kule. Weka siku tatu za kungoja, usiweke moja. Novemba 2015 helikopta ya watalii ilianguka kwenye ule mto wa Fox, watu wote saba waliokuwamo wakafariki, na uchunguzi ulitaja hali ya hewa. Mimi rubani akiniambia leo hapana, namwambia ahsante.

SALIM: Mwenyezi Mungu awarehemu. Siku ya tatu je?

NEEMA: Siku ya tatu kulikuwa kweupe. Kwanza tukapimwa uzito, kila mtu, na nguo zake na begi lake. Siyo jambo la kuonea aibu. Wanapanga viti kwa uzito, ili chombo kisielemee upande. Mwenzako akikaa mbele na wewe nyuma, usigombe. Kisha wakatufundisha namna ya kukifikia chombo: unakwenda kwa mbele, rubani anakuona, unainama, kofia mkononi. Nyuma kabisa hupiti, kwa sababu panga dogo la mkiani likizunguka halionekani kwa macho.

SALIM: Halionekani?

NEEMA: Kaka, unaona hewa tupu. Tukafungwa mikanda, tukavishwa vile vya masikioni ili tusikilizane na rubani, tukanyanyuka. Nilidhani nitaogopa. Ndege inakimbia kwanza, moyo unajiandaa. Helikopta inaiacha tu ardhi, kama mtu anainuka kwenye kigoda.

SALIM: Chini unaona nini?

NEEMA: Mto kwanza, unaitwa Waiho. Maji yake ni ya kijivu, mazito, kama maji uliyooshea sufuria ya uji. Ile barafu inaposhuka inasaga mawe, na unga wa mawe ndio unaoyapa maji rangi. Kisha msitu. Hapa ndipo niliposhangaa, maana ni msitu hasa, mbichi, wenye mvua, una mifenesi… hapana, nisidanganye, una mikangaga mirefu kama minazi. Kama ile ya msitu wa juu ya Marangu. Na juu ya msitu huohuo, bila hata nafasi, barafu.

SALIM: Msitu wa mvua na barafu vinagusana?

NEEMA: Karibu vigusane. Zamani ulimi wa barafu, ile ncha yake ya chini, ulikuwa ukishuka mpaka mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari. Pepo za magharibi zinachota unyevu Bahari ya Tasman, zinagonga ukuta wa milima, zinamwaga kila kitu pale. Chini inakuwa mvua, juu inakuwa theluji. Aoraki, mlima mrefu kuliko yote kule, una mita 3,724 tu. Kibo letu lina 5,895. Lakini barafu wanayo wao, kwa sababu wanalishwa na bahari, na wako mbali na ikweta. Sisi kule kileleni hewa ni kavu, na theluji mpya inayoanguka haitoshi kulipa kinachopotea.

SALIM: Nipeleke juu, dada.

NEEMA: Tukapanda sambamba na barafu. Kwa mbali unadhani ni laini. Ukikaribia unakuta imepasuka yote, nyufa zimeachama, nyingine nyumba nzima ingeingia. Na ndani ya nyufa kuna bluu. Sijui niisemeje. Rubani alitueleza: barafu ya zamani imekandamizwa na uzito wa miaka hadi hewa imetoka, sasa mwanga mwekundu unamezwa humo ndani, bluu ndiyo inayorudi.

SALIM: Ndiyo maana hata bahari ukivuka mwamba, penye kina, inageuka bluu.

NEEMA: Ndiyo hiyohiyo. Basi tukafika juu, mahali ambapo theluji inakusanyika kabla haijawa barafu. Uwanda mweupe, mpana. Rubani akazunguka mara mbili. Baadaye alituambia alikuwa anatafuta kitu cheusi cha kushika jicho, jiwe au kivuli, kwa sababu weupe juu ya weupe haukuambii uko mita 50 juu au mita 2. Akapata mstari wa miamba, akashusha polepole. Theluji ikatimka pande zote, dirishani hakuna kitu. Kisha nikahisi vile vyuma viwili vya chini vinazama, taratibu, kama unavyokaa kwenye godoro la pamba. Akazima injini. Mapanga yakazunguka, yakazunguka, yakasimama.

SALIM: Na kimya.

NEEMA: Kimya, kaka Salim. Mimi nimezaliwa mlimani, kimya nakijua. Lakini hata usiku wa kwetu kuna mbwa, kuna migomba inapepea, kuna maji mfereji unapita. Pale nilisikia damu yangu masikioni. Baadaye, mbali sana, kitu kikalia kama mlango mzito unafungwa. Rubani akasema ni barafu inasogea.

SALIM: Ulipokanyaga, neno la kwanza lililokutoka ni lipi?

NEEMA: "Baridi." Hilo tu. Nimeinama nimechota kwa mkono mtupu, nikasema baridi.

SALIM: Allahu akbar! Dada, unajua ulichokisema? Mwaka 1848, tarehe 11 Mei, mmisionari Rebmann anatoka Mombasa kwenda Uchagani. Akaona weupe juu ya mlima, akamuuliza kiongozi wake wa msafara kile ni nini. Yule bwana hakusema theluji, alimjibu kwa neno moja: baridi. Rebmann akaandika. Wakubwa wa jiografia London wakamkatalia, ati theluji karibu na ikweta haiwezekani. Na wewe umekwenda mpaka Nyuzilandi, umelirudia neno lilelile.

NEEMA: Nimesisimka mwili. Yule hakuwa amekosa elimu. Ukiishika, hiyo ndiyo habari yake ya kwanza, mengine yanafuata.

SALIM: Mengine ni yapi? Mimi ninayoijua ni ya friji, na zile barafu za ukwaju tulizonunua shuleni.

NEEMA: Ya kule haikuwa kama pamba, kama tunavyoona kwenye picha. Ilikuwa punjepunje, kama chumvi ya mawe uliyoiponda nusu. Ndivyo inavyokuwa kiangazi, imeyeyuka na kuganda mara nyingi. Ukiikamua inakwaruza kiganja. Nilikaa chini kabisa nikachimba kwa vidole, nikakuta tabaka jeusi, jembamba kama uzi, vumbi la siku fulani lililofunikwa. Chini yake nyeupe tena. Wenzangu walikuwa wanapiga picha, na ni haki yao, lakini tulipewa dakika kumi, na mimi nazishukuru zile nilizokaa chini kuliko zile za picha. Chukueni miwani ya jua, jamani. Jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini.

SALIM: Sasa nina swali, na niwie radhi. Barafu inaisha kwa sababu ya joto. Wewe unapanda chombo kinachounguza mafuta kwenda kuiangalia. Hilo halikukukera?

NEEMA: Lilinikera, na bado. Zamani watu walikuwa wanatembea kwa miguu kutoka bondeni, na kiongozi, wanapanda juu ya barafu. Mwaka 2012 njia hiyo ikafungwa pale Franz Josef, kwa sababu ulimi wa barafu ulirudi nyuma na kuporomoka, ikawa hatari. Tangu hapo anayetaka kuikanyaga hupelekwa na helikopta. Yaani kadiri inavyopungua ndivyo unavyohitaji mafuta kuifikia.

SALIM: Inapungua moja kwa moja?

NEEMA: Kati ya 1983 na 2008 mito mingi ya barafu ya kule ilisonga mbele, kwa sababu sehemu ile ilipata miaka ya ubaridi. Baada ya hapo ikaanza kurudi kwa kasi. Tulipokuwa angani rubani alituonyesha mstari kwenye miamba ya bonde, juu kabisa, juu yake msitu mkubwa na chini yake vichaka vichanga. Pale ndipo barafu ilipofika zamani. Nikatazama umbali kati ya ule mstari na barafu ya leo, nikashindwa kusema. Kwa hiyo sikushauri upande kila mwaka. Nilipanda mara moja, na sijutii, kwa sababu mimi nimetoka chini ya Kibo.

SALIM: Eleza hapo.

NEEMA: Tangu 1912 hadi 2007, asilimia 85 ya barafu ya Kilimanjaro ilikuwa imeshatoweka. Mama yangu anaikumbuka iliyoshuka mpaka mahali ambapo mimi nimekuta mwamba. Tunaitazama kila asubuhi, ila wengi wetu hatujawahi kuigusa. Wageni ndio wanaoigusa. Watu husema ikiisha mifongo yetu, ile mifereji ya kumwagilia mashamba, itakauka, na si kweli hasa, maji yetu mengi yanatoka msituni, kwa mvua na ukungu. Tuulinde msitu. Lakini hata ingekuwa haitupi tone, ni yetu, na nilitaka kujua kwa mkono wangu ni kitu gani kinachoondoka.

SALIM: Mama ulimwambia?

NEEMA: Jioni ileile, saa kumi na moja, Moshi ilikuwa saa moja asubuhi. Nikampigia kwa video. Alikuwa nje, Kibo liko wazi nyuma ya migomba. Nikamwonyesha ile helikopta, nikamwonyesha picha za theluji. Akatazama weee, kisha akauliza, "Na hapo chini yake watu wanalima nini?"

SALIM: Mama wa Kichaga!

NEEMA: Nikatoka nikamgeuzia simu bondeni. Majani mabichi, ng'ombe wa maziwa wengi, mvua imeanza kunyesha. Akasema, "Kumbe wanafuga. Hao ng'ombe banda lao liko wapi?" Nikamwambia mama, hawana banda, wanalala hukohuko nje. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Na baridi yote hiyo?"