Kinachofanana kisemwe mara moja: vichwa na lebo katika grafu za paneli nyingi

Mabibi na mabwana, wanafunzi na wenzangu mliotoka wilayani, karibuni. Tazameni hapo ukutani. Ni paneli nne, yaani grafu ndogo nne katika mchoro mmoja, za mvua ya kila mwezi katika vituo vya Uganda: Gulu, Moroto, Entebbe na Kabale. Kila paneli ina kichwa kirefu, "Mvua ya kila mwezi katika kituo cha…", kila mhimili wa wima umeandikwa "Kiwango cha mvua kwa milimita", na chini ya kila moja kuna neno "Mwezi". Maneno yaleyale mara nne, na data yenyewe imebanwa kama abiria wa teksi inayotoka Old Taxi Park ya Kampala jioni.

Mimi hufanya hivi: kinachofanana nakisema mara moja, kwa ajili ya mchoro mzima. Kichwa cha paneli kinabeba kile tu kinachoitofautisha na jirani yake. Hapa ni jina la kituo, basi.

Mnaotumia Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu, jihadharini na plt.title. Ukiiita baada ya plt.subplots(2, 2), inayotengeneza paneli nne, kichwa kinatua kwenye paneli ya mwisho, chini kulia, na Kabale anabebeshwa kichwa cha nchi nzima! Kichwa kikuu ni fig.suptitle; cha paneli ni ax.set_title. Tangu toleo la 3.4 la mwaka 2021 tuna pia fig.supxlabel na fig.supylabel, za lebo ya pamoja ya mlalo na ya wima, kwa hiyo hakuna tena haja ya kubahatisha mahali pa lebo ya pamoja kwa fig.text. Ongezeni layout="constrained" ili maandishi yasipandiane.

Kwa ggplot2, kifurushi cha R cha kuchora grafu, amri ya facet_wrap inayogawa mchoro kuwa paneli huchota vichwa vya paneli kwenye safu ya data yenu. Safu ikisema "MOR", msomaji ataona MOR. Tumieni labeller = as_labeller(c(MOR = "Moroto")), na vituo vingine vivyo hivyo. Majina ya miezi yanajieleza, kwa hiyo labs(x = NULL). Si alama tupu za kunukuu, maana hizo huacha pengo.

Sasa, kubwa zaidi ni scales = "free_y", inayoipa kila paneli kipimo chake cha wima. Moroto ni pakavu, mnaijua Karamoja. Kila paneli ikipewa kipimo chake, nguzo za Moroto zinarefuka sawa na za Entebbe, na mkuu fulani anayeangalia haraka kabla ya kikao ataamini kuwa kule kunanyesha. Mkilinganisha kiasi, acheni mhimili wa wima uwe mmoja. Mkilinganisha umbo la msimu ni sawa kuuachia: Entebbe na Kabale wana vilele viwili, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, wakati Moroto ana msimu mmoja mrefu. Lakini hapo andikeni chini ya kichwa kikuu, kwa herufi zinazosomeka: "Vipimo vya wima vinatofautiana." Msitegemee namba za mhimili. Watu hawazisomi.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, mpangilio wa paneli: ggplot2 hupanga kwa alfabeti, ukitaka kaskazini kwenda kusini, igeuze safu kuwa factor, yaani safu ya makundi yenye mpangilio wake, na utaje levels, yaani mfuatano wa makundi hayo, mwenyewe. Gulu, Moroto, Entebbe, Kabale. Haya, fungueni kompyuta, tuanze kwa kufuta.