Kura ya Wahadhiri na Sahihi ya Gavana

Ahsante, Mwenyekiti. Wahadhiri wenzangu na wanafunzi, habari za jioni.

Mmeniomba nizungumze juu ya nani humweka mkuu wa chuo kikuu na nani humwondoa. Nitawapeleka Virginia, Marekani. Pale rais wa chuo aliondoka kwa shinikizo mwaka 2012, mwingine akaondoka hivyo hivyo 2025. Mara zote mbili wahadhiri walipiga kura ileile. Mara moja tu rais alirudi.

Chuo Kikuu cha Virginia kilianzishwa na Thomas Jefferson mwaka 1819, na kwa zaidi ya miaka themanini hakikuwa na rais. Kiliongozwa na mwenyekiti aliyetoka miongoni mwa maprofesa. Lakini bodi ilikuwepo tangu mwanzo. Leo ina wajumbe 17 wenye kura, na wote huteuliwa na gavana wa jimbo. Mle utakuta wafanyabiashara, mawakili, watu waliochangia kampeni. Naona mmoja wenu anacheka. Bodi unayoifikiria siijui mimi.

Jumapili, Juni 10, 2012, chuo kilitangaziwa kwamba Rais Teresa Sullivan anajiuzulu. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukiongoza, na miaka miwili ilikuwa haijatimia. Mwenyekiti wa bodi, Helen Dragas, mfanyabiashara wa ujenzi wa nyumba, alikuwa amewafuata wajumbe mmoja mmoja kimyakimya, kisha yeye na makamu wake wakamwendea Sullivan na kumwambia kura za kumwondoa zimetimia. Kikao cha kulijadili hakikuitishwa.

Sababu? Eti anakwenda polepole. Gazeti la wanafunzi liliomba barua pepe za bodi kwa kutumia sheria ya haki ya kupata taarifa, na humo viongozi wa bodi walionekana wakitumiana makala za magazeti kuhusu masomo ya mtandaoni, wakitiana hofu kwamba chuo kinaachwa nyuma. Sidharau hofu hiyo, maana ruzuku ya jimbo ilikuwa imepungua kweli. Ila rais wa chuo kuondolewa kwa makala za magazeti, hapana.

Na mkono wa nje ulikuwepo. Peter Kiernan, aliyeongoza bodi ya wakfu unaochangisha fedha za shule ya biashara ya chuo hicho, aliwaandikia wenzake kwamba habari hizo alizijua mapema. Barua ikavuja, akaachia nafasi yake. Hebu litazameni hilo: mchangishaji fedha anajua, na Seneti, chombo cha uwakilishi wa wahadhiri, haijui!

Seneti ikapiga kura ya kutokuwa na imani na bodi. Umati ukajaa viwanjani mbele ya jengo la Rotunda. Bodi ikakesha kikaoni ikateua kaimu rais, na kaimu mwenyewe, baada ya siku chache, akasema anasimama kando mpaka mambo yatulie. Hata hivyo Dragas hakutikisika. Kilichomaliza mchezo ni barua ya Gavana Bob McDonnell: malizeni suala hili ifikapo Jumanne, la sivyo nitawataka wote mjiuzulu. Jumanne hiyo, Juni 26, bodi ilimrudisha Sullivan kwa kauli moja, Dragas naye akiunga mkono. Siku chache baadaye gavana huyohuyo akamteua Dragas kwa kipindi kingine.

Kwa hiyo ninaposikia wenzetu wakiutaja mwaka 2012 kama ushindi wa wahadhiri, nasita. Wahadhiri walipiga kelele za haki, lakini mwenye sahihi alikuwa gavana.

Juni 2025 shinikizo lilitoka juu zaidi, Wizara ya Sheria ya serikali kuu, kuhusu programu za usawa na ujumuishi. Rais Jim Ryan akajiuzulu, akieleza kwamba kung'ang'ania kiti kungewagharimu wafanyakazi ajira zao na watafiti fedha zao. Seneti ikapiga tena kura ya kutokuwa na imani na bodi, ambayo safari hii ilijaa wateule wa Gavana Glenn Youngkin. Ryan hakurudi.

Huku kwetu Profesa Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliongoza katika usaili, akateuliwa Januari 2020 kuwa makamu mkuu wa chuo, ambaye kwetu ndiye mtendaji mkuu, na mwezi huohuo Waziri wa Elimu George Magoha, ambaye naye alikuwa amekiongoza chuo hicho, akatengua uteuzi na kulivunja baraza la chuo, yaani bodi yake. Kiama alikimbilia mahakamani, na ofisini akarudi.

Wahadhiri nao si malaika. Harvard, Machi 2005, kitivo cha sanaa na sayansi kilipiga kura ya kutokuwa na imani na rais wa chuo, Lawrence Summers, kwa kura 218 dhidi ya 185. Hao 185 nao ni maoni ya wahadhiri.

Ndiyo maana sheria ya Uganda ya mwaka 2001 inanivutia. Makamu mkuu wa chuo cha umma huteuliwa na Mkuu wa Chuo kwa pendekezo la Baraza, lakini kutoka katika majina matatu yaliyopitishwa na Seneti. Wahadhiri wanaingia mwanzoni, kabla kiti hakijapata mwenyewe. Makerere wanajua kero yake pia: uteuzi hugeuka uchaguzi, na makundi hujipanga.

Kwenye kumwondoa mtu ningeomba jambo dogo zaidi: isihesabiwe kura yoyote iliyokusanywa nje ya kikao chenye muhtasari. Dragas alizipata kura zake kwa sababu hakuna mjumbe aliyelazimika kutoa sababu mbele ya mwenzake.

Mwenyekiti, napokea maswali.