Taa Yako, Mashine ya Wote: Mwanga Binafsi Kwenye Mashindano ya Pinboli

DADA: Karibuni tena kipindini. Leo tunaingia kwenye jambo linalowagombanisha wachezaji wa pinboli, ule mchezo wa mashine ya kupiga gololi ya chuma isiporomoke chini ya uwanja ulioinama wenye kioo juu, hapa Chicago na hata nje ya Chicago: mtu kuja mashindanoni na taa yake mwenyewe. Wengine huja nayo kichwani, wengine shingoni, wengine wanaibana kwenye mashine. Kaka, wewe uko upande gani?

KAKA: Mimi, dada, naanza na wasiwasi. Mashine ni moja, tunaicheza watu wanne kwa zamu, kila mtu gololi tatu. Hali ni lazima iwe moja kwa wote. Kama ukumbi una giza, giza ni letu sote.

DADA: Hapo ndipo tunapoachana. Giza likiwa moja, macho si mamoja. Jicho la mtu wa miaka 60 linapitisha takriban theluthi tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Mboni haitanuki kama zamani, lenzi imeanza kuwa ya manjano. Na kwenye ligi zetu wenye mvi ni wengi, tena wengine ndio wanaotushinda kila wiki! Sasa fikiria hiyo gololi: chuma kinachong'aa, kipenyo milimita 27, gramu 80 hivi, inateremka kwenye uwanja ulioinamishwa nyuzi 6.5. Kijana anaiona tangu inapotoka kwenye bampa, vile vinundu vya juu vinavyoirusha. Mzee anaiona ikiwa imeshafika kwenye flipa, vile vibao vya chini tunavyoipigia.

KAKA: Hilo silibishi. Lakini kuna mashine ambazo giza limewekwa makusudi. Chukua Attack from Mars ya mwaka 1995. Ukifika Strobe Multiball, taa za uwanja zinazimwa, inabaki taa moja kali inayowaka na kuzima kwa kasi, nawe una gololi zaidi ya moja mbele yako. Aliyeibuni alitaka uhangaike. Ukija na taa yako, umeifuta ile sehemu ya mchezo.

DADA: Kwa Strobe Multiball nakupa haki yako. Mchezaji azime taa yake kipindi kile, au msimamizi aseme mapema mashine ile haina ruhusa. Lakini giza tunalokutana nalo kila siku halikubuniwa na mtu. Wewe unaingiza mikono ndani ya mashine hizi, hebu waeleze wasikilizaji linatoka wapi.

KAKA: Linatoka kwenye plagi zilizoungua. Mashine za kampuni za Bally na Williams za miaka ya 1990, The Addams Family ya 1992, Twilight Zone ya 1993 na ndugu zake, taa zake za jumla za uwanja ni globu ndogondogo za volti 6.3, zimegawanywa kwenye laini 5. Volti ni chache na globu ni nyingi, kwa hiyo ampea zinapanda. Umeme wote huo unapita kwenye vipini vyembamba vya plagi moja pale kwenye bodi. Miaka inakwenda, vipini vinalegea, vinashika joto. Plastiki nyeupe inageuka kahawia, halafu nyeusi. Nimewahi kufungua kichwa cha mashine, lile sanduku linalosimama nyuma ya uwanja, nikakuta plagi imegandana na bodi. Ukiivuta inameguka vipande, kipini kinabaki kimesimama na masizi yake, na harufu ya plastiki iliyoungua inakupanda puani. Laini moja ikifa, upande mzima wa uwanja umezimika.

DADA: Na mashindano yanaendelea.

KAKA: Yanaendelea. Globu chache kutowaka kwa kawaida kunahesabiwa hitilafu ndogo, haisimamishi mchezo. Ukipoteza gololi kwa sababu kona ya kushoto hujaiona, ndiyo imetoka.

DADA: Sasa unanielewa. Mashine haijatengenezwa, kanuni haikusimamishii mchezo, halafu anatokea mtu anamwambia mzee wa watu avue taa yake ya shingoni. Hilo linaniuma sana, kaka. Watu wanaacha kuja kwa mambo kama hayo, na hawaagi. Tunaona tu jina halipo tena kwenye orodha.

KAKA: Tuiangalie basi kanuni yenyewe. Kanuni za PAPA na IFPA, vyama vya mashindano ya pinboli, ambazo ligi nyingi zinazifuata, zinamruhusu mchezaji vitu vya kumstarehesha: vya kuziba masikio, vya kusikilizia muziki, glavu, vya kushikiza kiwiko. Masharti yake ni kwamba visiharibu mashine, visiwabughudhi wengine, visicheleweshe mashindano. Ninavyoisoma mimi, taa ya mwilini inaingia humo. Ila hilo la kutobughudhi ndilo zito, kwa sababu mwanga hauna adabu. Unakwenda popote.

DADA: Hebu tuzipitie taa zenyewe.

KAKA: Mbaya kuliko zote ni ile ya kubana juu, pale kwenye kichwa cha mashine. Mtu anaona ina akili kwa sababu inamulika uwanja wote. Lakini kioo kimelala mbele yako, mwanga unatoka mbali upande wa pili, unagonga kioo na kuruka moja kwa moja usoni pako. Unapata doa jeupe katikati ya uwanja, na gololi ikipita chini ya doa hilo huioni kabisa. Na wa mashine ya jirani naye anatiwa kiwi. Tena umeibana kwenye mashine, maana yake zamu ikifika ya mwenzako au uibandue au umlazimishe kucheza na taa ambayo hakuiomba. Gololi tatu, watu wanne, bandua bandika. Hapana!

DADA: Hiyo hata mimi siitetei. Ya kichwani je?

KAKA: Ya kichwani ukisimama wima inafaa. Ukiinama juu ya kioo, na sote tunainama gololi ikikaribia flipa, unaiona taa yako mwenyewe kwenye kioo palepale karibu na flipa, mahali unapohitaji kuona zaidi. Halafu ukigeuka kumpongeza mtu umemmulika machoni. Ametoka kwenye mwanga huo, zamu yake imefika, anatazama uwanja wenye giza. Jicho likishapigwa na mwanga mkali halirudi mara moja. Kuzoea giza sawasawa linachukua dakika, wala si sekunde. Hapo umemchezea mwenzako gololi yake ya kwanza.

DADA: Kwa hiyo tunabaki na ya shingoni. Ile inayozunguka shingo, ina vichwa viwili vinavyopinda, wanaotumia sana ni wafumaji na wasomaji wa usiku. Mimi ndiyo ninayoipendekeza. Inakaa kifuani, unaielekeza chini na mbele kidogo, kwenye flipa na njia za pembeni. Mwanga unaoruka kwenye kioo unakwenda mbele, hauji usoni kwako. Na ukiondoka, umeondoka nayo.

KAKA: Iwe kwenye kiwango cha chini, na rangi ya manjano kuliko ile nyeupe ya buluu. Wengi wanaiwasha mpaka mwisho bila sababu. Uwanja wenyewe una taa zinazokuonyesha shabaha ya kupiga. Ukimwaga mwanga mwingi juu yake, huoni tena ipi imewaka na ipi imezimika. Umejitibu jicho ukajipoteza njia.

DADA: Kuna hoja nyingine naisikia, kwamba taa hizi zinachanganya vitambuzi vya mashine.

KAKA: Vitambuzi vingi vya miaka ile vinatumia miale ya infraredi. Jua la dirishani lina miale hiyo tele, hilo ni la kuangaliwa. Taa nyeupe ya LED karibu haina. Hiyo isiwe sababu ya kumkatalia mtu. Sababu ya kweli zaidi ni kamera. Mchezo ukirushwa moja kwa moja mtandaoni, kamera ipo juu ya kioo na imeshapangwa kwa mwanga uliopo. Taa yako ikiingia, watazamaji wanaona ukungu mweupe. Muulize anayerusha kabla, mara nyingi anarekebisha kwa dakika moja.

DADA: Na waandaaji wenyewe?

KAKA: Hao ndio ningewaanza. Badilisha globu weka LED, umeme unaopita unapungua sana na plagi inapumua. Badilisha plagi iliyokwisha kuungua. Ukumbini geuza taa zilizo nyuma ya wachezaji zielekee dari, zisijionyeshe kwenye vioo. Ukifanya hayo, wengi watasahau taa zao kwenye gari. Na kwa aliyebaki anaihitaji, andika kwenye sheria za siku: taa ya mwilini ruhusa, ya kubana kwenye mashine hapana.

DADA: Hebu rudia, maana ulianza na "giza ni letu sote."

KAKA: Nilisema, na kuhusu Strobe Multiball bado nasimamia. Kwa plagi iliyoungua, dada, mtu avae taa yake acheze.

DADA: Na mchezaji naye asisubiri kubishiwa katikati ya gololi. Akifika, kabla ya raundi ya kwanza, amfuate msimamizi, aiwashe mbele yake, amwonyeshe inaelekea wapi. Akikubaliwa, awaambie na wale watatu atakaocheza nao. Wiki ijayo tuna barua mbili za wasikilizaji kuhusu tilti, yaani mashine kukukatia gololi ukiitikisa mno, moja imeandikwa kwa hasira kwelikweli. Kaka, asante.

KAKA: Asante, dada. Tuonane Jumatano.