Wizi Unapogeuka Unyang'anyi

Ndugu zangu, unyang'anyi haupimwi kwa thamani ya mali. Anayechota mamilioni kwenye kasha mwenyewe akiwa usingizini ni mwizi. Anayemkaba mtu koo apate sarafu moja ni mnyang'anyi, na huenda akafungwa miaka mingi kuliko yule wa kwanza. Naona ni haki, kwa sababu huyu wa pili amegusa mali na mwili wa mtu kwa mpigo.

Lakini wizi ndio msingi. Usipokuwepo, unyang'anyi hausimami. Katika miaka ya 1970 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilitengua hatia ya unyang'anyi ya mtu aliyeamini kwa dhati kwamba anadai fedha alizochukua katika purukushani. Aliyedhani anachukua haki yake hakuiba, na kupigana ni kosa lake lingine.

Wizi ukithibitika, tunatafuta nguvu au vitisho. Nguvu kiasi gani? Mchomozi akikutolea pochi bila wewe kuhisi, ni wizi. Akikusukuma ukayumba ili mkono wake upate njia, yuko mlangoni mwa unyang'anyi. Kinachotesa mahakama ni ukwapuaji. Katika miaka ya 1980, Uingereza, aliyevuta kikapu cha manunuzi hadi kikamtoka mwanamke mkononi alibaki na hatia ya unyang'anyi. Mwaka 2012, huko huko, kunyofoa sigara vidoleni mwa mtu bila kumgusa kukahesabiwa wizi tu. Mahakama ya Juu ya Marekani nayo, mwaka 2019, iliridhika na nguvu inayoshinda upinzani wa mwathirika, hata ikiwa ndogo. Kwangu hicho ndicho kipimo bora: je, kuna mwili uliopinga ukashindwa?

Halafu nguvu hiyo iwe kwa ajili ya kuchukua. Watu wawili wamegombana, mmoja kampiga mwenzake kwa hasira, saa ikadondoka, akaiokota na kwenda zake. Hapo kuna shambulio na kuna wizi. Kuyaunganisha yawe unyang'anyi bila ushahidi wa dhamira ni kumwonea mshtakiwa, hata kama hatumpendi.

Limebaki suala la wakati. Sheria ya Wizi ya Uingereza ya mwaka 1968 inataka nguvu itumike muda mfupi tu kabla ya kuiba au wakati wa kuiba, ingawa majaji wake wamekubali kwamba tendo la kuiba laweza kuendelea kwa muda. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 295, inataja wazi pia nguvu inayotumika mara tu baada ya kuiba, ili kubaki na mali. Kwa hiyo mlinzi aliyesukumwa na mshtakiwa mlangoni mwa duka akisimama kutoa ushahidi, aulizwe: mali ilikuwa wapi aliposukumwa? Kama mshtakiwa alikuwa ameikumbatia, kuna hoja ya unyang'anyi. Kama alikuwa ameshaitupa chini, akijinasua tu akimbie, mwendesha mashtaka atapata taabu kuonyesha kwamba alisukuma ili abaki nayo.